Mbigili ya Kibigori

Mpira wetu ulikufa Ijumaa, saa tisa na robo,
katikati ya uwanja, hata golini haukufika.
Uligusa chini mara moja, ukatoa pumzi ndefu
kama mtu aliyeletewa bili ya maji.
Aluoch akauokota, akaugeuza,
akanionyesha ubavuni miiba miwili
imekaa kama pembe za ndama.
"Hii ni kazi yako, Odera," akasema.
Mimi ndiye mtunza uwanja.

Nikaanza na fyekeo.
Lakini mbigili haisimami ikangoja kufyekwa.
Imelala kifudifudi, mikono imetandazwa pande zote,
vijani kama vya mkwaju,
ua la njano lisilozidi kifungo cha shati,
na fyekeo hupita juu yake
kama salamu ya mgombea:
inapungia wote, haishiki mtu.

Mwalimu mkuu akanunua dawa.
Akapima kwa kifuniko, akanyunyiza mwenyewe,
leso puani, tai begani.
Wiki ya pili ukoka ukawa rangi ya bahasha ya kaki.
Wiki ya nne mvua ikashuka kutoka milima ya Nandi,
na kwenye udongo uliobaki uchi
nani alichungulia wa kwanza?
Usiniulize. Vaa kandambili ukaone.

Mama yangu, aliyepalilia mtama mpaka magoti yakamkatalia,
alizoea kusema gugu halifukuzwi, hutanguliwa.
Nilimwelewa siku nilipopiga goti mwenyewe.
Nenda baada ya mvua, udongo ukiwa umelegea.
Fuata mkono mmoja wa mbigili mpaka kifuani,
penye mzizi mmoja tu, mwembamba, mrefu, mkaidi.
Penyeza kisu chini ya shingo, kata, vuta, tia guniani.
Ukiliona ua, umekwisha kufungwa bao.

Zilizodondoka nilizizoa kwa blanketi kuukuu:
nikalitandaza, nikalikanyaga, nikaliburuta kona hadi kona,
likainuka limeota ndevu za miiba.
Nikalichoma nyuma ya vyoo.
Zililia pa, pa, pa, kama bisi.

Mwezi haukuisha. Langoni, tatu changa.
Kisha tano, kisha tisa, zimejipanga mstari
toka lango hadi mlango wa stoo yangu,
toka stoo hadi mlingoti wa bendera.
Nikawaza: ni nani apitaye hapa kila siku, njia hii hii,
kabla ya jua?

Nikaketi. Nikavua akala zangu,
zilizochongwa kwa tairi la trela la miwa,
nikazipindua.
Arobaini na moja.
Nilizing'oa kwa ncha ya msumari, nikazihesabu mara mbili.
Kila alfajiri nakatiza kando ya reli,
pale kwenye kokoto ambapo hakuna apaliliaye,
na kila alfajiri nimeleta mbegu shuleni
kama karani mwaminifu, sijachelewa hata siku moja.
Miaka sita nang'oa nilichopanda.

Mwalimu mkuu sikumwambia.
Nilimwambia Aluoch. Alicheka mpaka akakaa chini,
kisha akaruka, maana alikalia moja.

Siku hizi akala hubaki langoni, juu ya jiwe.
Ukoka nimeurudisha kipande kwa kipande,
nimeukopa kwa watu wa kanisa, nimeumwagilia kwa kopo;
palipo na ukoka mnene mbigili hukosa pa kuweka kiwiko.
Lakini bado zimo. Mbegu yake ina subira kuliko mshahara wangu:
hulala chini miaka, macho wazi.
Ndiyo maana kila jioni natembea uwanja mzima nyayo tupu,
polepole, kama anayetafuta sarafu gizani.

Jana, karibu na kona ya kusini, nilipiga ukelele.
Wasichana wakasimamisha mchezo, wakanipigia makofi.
Aluoch akaja mbio na kisu.